Kompresa barazani: ya kujua kabla mtoto hajakabidhiwa mpira wa upepo

Mwanakwerekwe kompresa haikai gereji tu. Iko mbele ya duka la vipuri, iko chini ya mti kwa fundi wa pancha, iko ubavuni mwa nyumba ambako baba akirudi kazini jioni anapiga rangi milango ya wateja. Ni mashine ndogo yenye magurudumu mawili, tangi la lita 24 au 50, na mlio unaojulikana na mtaa mzima.

Kwa familia nyingi hiyo ni riziki. Na kwa kuwa iko nyumbani, watoto wako karibu nayo kila siku. Huyu analeta baskeli, yule analeta mpira uliopwaya, mwengine anatumwa akaizime. Likizo ya skuli ikifika, kijana wa miaka kumi na mbili au kumi na tatu anapelekwa "akamsaidie mjomba", na kazi ya kwanza anayopewa ni kushika mpira wa upepo, kwa sababu inaonekana ndiyo kazi nyepesi kuliko zote.

Hofu ya wazazi kwa kawaida huwa kwenye umeme. Ni hofu ya haki, lakini umeme uko pia kwenye feni na friji. Kinachoitofautisha kompresa ni kile ilichokibeba tumboni, na jina lake ndilo linalopumbaza: upepo. Mtu anajiuliza, upepo utamfanya nini mtoto?

Utazame upepo huo kwa hesabu. Kompresa ndogo ya kawaida hujaza tangi mpaka kiasi cha bar 8, sawa na psi 116 hivi. Mpira wa gari dogo unataka psi 30 hadi 35. Maana yake ndani ya lile tangi mna presha zaidi ya mara tatu ya ile iliyobeba gari barabarani. Kila sentimita moja ya mraba ya ukuta wa tangi, sehemu isiyozidi ukucha wa kidole kidogo, inasukumwa kwa nguvu ya kiasi cha kilo 8.

Mpira wa kandanda, kwa kanuni za FIFA, hutiwa upepo usiopungua psi 8.5. Utumbo mpana wa binadamu unaweza kupasuka kwa presha ndogo kuliko hiyo.

Hapo ndipo penye jambo ambalo gereji nyingi hulifanyia mzaha na wazazi wengi hawajawahi kulisikia. Vijana wakimaliza kazi hujipuliza vumbi kwa mpira wa kompresa. Mmoja anampuliza mwenziwe mgongoni, mwengine analipa kisasi kwa kumpuliza makalioni, wote wanacheka. Upepo ukitoka kwa presha ile hauzuiwi na suruali. Madaktari wameandika juu ya majeruhi ambao mdomo wa mpira haukuwagusa kabisa mwilini. Ulielekezwa tu karibu na njia ya haja kubwa, juu ya nguo, na upepo ukaingia. Inachukua sekunde moja au mbili. Utumbo unajaa, unapasuka, na uchafu uliomo unamwagika ndani ya tumbo.

Si ajali ya kisasa. Jarida la kitabibu la The Lancet la Uingereza liliripoti kifo cha namna hiyo mwaka 1904, na tangu hapo taarifa zimekuwa zikija kutoka viwandani na gereji za nchi nyingi, nyingi zikianza na neno lile lile: utani.

Mara nyengine haikuwa utani. Agosti 2015, katika mji wa Khulna nchini Bangladesh, mvulana aliyekuwa akifanya kazi kwenye gereji ya pikipiki, akahama kwenda gereji nyengine, alifariki baada ya watu wazima kumjaza upepo kwa mashine ya kutilia upepo mipira. Novemba mwaka huo huo mahakama iliwatia hatiani watu wawili kwa mauaji. Mwaka uliofuata, 2016, mtoto mwengine aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi huko Narayanganj, nchi hiyo hiyo, alikufa kwa njia hiyo hiyo. Watoto wote wawili walikuwa mahali pa kazi ambapo kila mkubwa alijua kuwasha mashine, na mpira wa upepo ulikuwa mikononi mwa yeyote aliyeutaka.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza katika nyumba au gereji yenye kompresa inatangulia hata soketi: mpira wa upepo hauelekezwi kwa mtu. Iwe kwa kufuta vumbi, kwa kujipoza joto au kwa mchezo, jawabu ni lile lile. Mtoto aambiwe kwa maneno ya wazi, na aambiwe sababu yake, kwa sababu "acha mchezo" hakumwelezi chochote. Akielewa kwamba tumbo lake halistahamili hata upepo wa mpira wa kuchezea, atakumbuka.

Na aambiwe jambo la pili, ambalo pengine ndilo zito zaidi. Mtoto aliyepulizwa sehemu za siri au za nyuma huona haya. Anaweza kurudi nyumbani, akalala kifudifudi, akasema ana tumbo la kawaida. Mama anampa chai ya tangawizi, anamsugua tumbo, saa zinakwenda. Aambiwe mapema kwamba likimfika jambo la namna hii hatagombezwa, na kwamba anatakiwa aseme siku hiyo hiyo, hata kama aliyefanya ni mjomba, fundi mkuu au rafiki yake.

Dalili za kutazama ni tumbo kujaa na kuwa gumu kama ngoma, maumivu makali, kutapika, kutoka damu njia ya haja kubwa, kupumua kwa shida. Hapo mtoto asipewe chakula, maji wala dawa ya kuendesha, na tumbo lisikandwe. Apelekwe hospitali yenye uwezo wa upasuaji, kwa wakaazi wa mjini na viunga vyake iliyo maarufu zaidi ni Mnazi Mmoja. Mlangoni daktari aambiwe neno zima: "amepulizwa upepo wa kompresa." Bila ya hilo, anaweza kutibiwa kama mwenye tumbo la kawaida.

Upepo unaweza pia kupita kwenye jeraha dogo la mkononi ukatambaa chini ya ngozi. Ngozi inavimba, na ukiibonyeza inachakacha chini ya vidole. Jeraha kwa nje linaweza kuwa tundu la sindano tu, na hilo ndilo linalowafanya watu walale nalo. Nalo ni la kwenda hospitali siku hiyo. Sikio likipulizwa, ngoma yake hupasuka. Jicho likiingiwa na chembe ya chuma, lisifikichwe; lifunikwe bila kubonyezwa, mtoto apelekwe.

Baada ya hayo ndipo tuje kwenye mashine yenyewe na mahali pake.

Kompresa inataka sakafu tambarare, kivuli, na hewa inayozunguka. Inapofanya kazi kichwa chake, pale juu penye mapezi ya chuma, hupata moto wa kuunguza mkono, na bomba linalotoka hapo kwenda kwenye tangi ni hivyo hivyo. Ikibanwa kwenye kona ya ukuta au ikifunikwa turubali huku inakwenda, inapata moto zaidi na kuchakaa mapema. Isikae kwenye njia ya kupita watoto kwenda chooni au kisimani. Na Mwanakwerekwe inajulikana kwa maji ya masika yanavyotuama. Mashine iliyowekwa chini ya usawa wa barabara itakuja kusimama majini siku moja, ikiwa kwenye umeme.

Kwenye umeme wenyewe, kosa linaloonekana kila pahala ni waya mwembamba mrefu. Fundi anataka kufika kwenye gari lililo mbali, anaunganisha ekstensheni mbili za kuchajia simu, moja inaning'inia kwenye msumari, nyengine imepita chini ya mlango. Mota ya kompresa huvuta umeme mwingi sana pale inapoanza kuzunguka. Waya mwembamba unapata moto, mota inakosa nguvu na kunguruma bila kuzunguka, na mwisho kitu kinaungua. Dawa yake ni nyepesi na nafuu: kompresa ibaki karibu na soketi ya ukutani yenye waya wa ardhi, na kinachorefushwa kiwe mpira wa upepo. Mita kumi za mpira wa upepo hazimuunguzi mtu. Ikibidi kutumia ekstensheni, iwe ya waya mnene na ikunjuliwe yote.

Kwenye mashine za mota ya petroli umeme si tatizo, moshi ndio tatizo. Wakaazi wa Unguja wanaoikumbuka miezi ya giza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanajua jinsi majenereta yalivyojaa mitaani na wapi yaliwekwa: ukumbini, chini ya dirisha, ndani ya duka. Injini ya petroli hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu waliolala. Kompresa ya petroli inakaa nje, mbali na dirisha lolote, hata mvua ikinyesha.

Kuna sehemu tatu za kukagua kabla ya kuwasha, na zinachukua dakika mbili.

Ya kwanza ni geji, ile saa inayoonyesha presha. Ikiwa kioo kimevunjika na sindano imeganda, wengi huiona ni kasoro ya sura tu. Ukweli ni kwamba fundi huyo hajui tangi lake lina nini. Geji ni kitu cha bei ndogo, ibadilishwe.

Ya pili ni valvu ya usalama, kile kipande cha shaba chenye kipete. Kazi yake ni kufunguka yenyewe na kutoa upepo iwapo swichi ya presha itashindwa kuizima mota. Ukikivuta kile kipete mashine ikiwa na upepo, lazima ipige filimbi, na ukikiachia ifunge. Baadhi ya mafundi, valvu ikianza kuvuja, huiziba kwa boliti au kuifunga waya ili kompresa "isipoteze upepo". Kompresa iliyozibwa valvu isiwashwe hata kwa dakika moja. Mzazi asiyejua lolote la ufundi anaweza kuitambua kwa macho.

Ya tatu ni tangi, na hapa hali ya hewa ya kisiwani ina lake. Hewa ya Unguja ina unyevu mwingi. Kompresa inapoibana hewa hiyo, maji yake hujitenga na kutuama chini ya tangi, yakakaa humo usiku na mchana yakila chuma kutoka ndani. Kwa nje rangi inang'aa, kwa ndani chuma kimebaki karatasi. Ndiyo maana chini ya kila tangi kuna kifuniko kidogo au bomba la kutolea maji. Kila jioni, baada ya kazi, mashine izimwe, presha ipunguzwe, kile kibomba kifunguliwe taratibu mpaka maji yenye rangi ya kutu yaishe. Kompresa ambayo haijatolewa maji tangu inunuliwe ziko nyingi, na wenyewe hawajui kwamba hilo bomba lipo.

Tangi likianza kuvuja kwa kutu, maisha yake yamekwisha. Kulichomelea hakulirudishi, kwa sababu chuma kilichobaki kuzunguka lile tundu ni chembamba vile vile, na kiraka kinaongeza udhaifu pembeni yake. Hali kadhalika zile kompresa za kuunga, zenye mashine ya friji kuukuu na mtungi wa gesi uliotobolewa. Ubunifu wake unastahiki sifa, lakini hakuna ajuaye mtungi ule utastahamili kiasi gani, na kwenye nyumba yenye watoto hazina nafasi.

Liko jambo jengine ambalo huwashtua hata watu wazima. Kompresa iliyonyamaza haijazimwa. Swichi ya presha huikata mota tangi linapojaa, na upepo ukipungua huiwasha tena yenyewe, bila ya mtu kugusa kitu. Mtoto anaona mashine imetulia, anapeleka kidole kwenye mkanda unaozungusha gurudumu, na ndipo inapoamka. Kava ya chuma au ya wavu inayofunika mkanda iwepo daima. Kanzu, kanga, buibui na mtandio visikaribie. Na atakayetaka kuigusa mashine, hata kwa kuifuta vumbi, achomoe plagi kwanza.

Kuzima nako kuna utaratibu wake: swichi, kisha plagi, kisha upepo uliobaki kwenye mpira utolewe, ndipo mpira ufunguliwe. Ukifunguliwa ukiwa na presha hupiga kama mjeledi, na ile ncha ya chuma inakwenda usawa wa uso wa mtoto.

Kwa Kiunguja neno mpira linabeba mengi: mpira wa gari, mpira wa kuchezea, mpira wa kupitishia upepo. Kwa fundi wa pancha mtoto anakutana na yote matatu. Baskeli ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mpira wake mdogo hujaa kwa sekunde chache, wakati kompresa imezoea kulisha magari. Upepo utiwe kwa vipindi vifupi, upimwe, utiwe tena. Mwenye kutia asimame pembeni, asiinamie. Watoto wanaosubiri zamu wakae mbali, hasa pale linapotiwa upepo gurudumu la lori au daladala. Ringi au mpira wa lori ukifyatuka huua mtu mzima.

Mlio wa kompresa hauna damu wala maumivu, kwa hiyo haumshughulishi mtu. Kipimo chake cha kienyeji ni hiki: ukisimama hatua moja kutoka kwa mwenzio na inabidi upaze sauti akusikie, kelele hiyo imefika desibeli 85 au zaidi, na kukaa nayo siku nzima kila siku kunapunguza usikivu usiorudi. Mtoto mchanga asilazwe chumba kinachopakana nayo. Anayefanya kazi hapo avae viziba masikio.

Vumbi ni habari nyengine, na linaingia nyumbani kwa mlango wa mbele. Mafundi wengi husafisha breki kwa kupuliza upepo. Pedi za breki za zamani, na baadhi ya za bei rahisi, zinaweza kuwa na asbesto, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ambayo huchukua miaka mingi kujitokeza. Vumbi hilo hukaa kwenye nguo. Baba anarudi, mtoto anamrukia kifuani, mama anakung'uta shati kabla ya kulifua. Breki zifutwe kwa kitambaa kibichi. Nguo za kazi zivuliwe nje, zilowekwe bila kukung'utwa, zifuliwe peke yake. Kwa rangi ya sprei, watoto waondoke kabisa eneo hilo, na mwenye pumu zaidi ya wote.

Marekani sheria ya usalama kazini hairuhusu kusafisha kitu kwa upepo wa kompresa ila presha iwe chini ya psi 30, na mfanyakazi awe amevaa kinga. Kompresa nyingi zina kirungu cha kupunguzia presha pale mpira unapoanzia. Kizungushwe. Hakuna kazi ya kufuta vumbi inayohitaji psi 116.

Linabaki suala la umri. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na Tanzania iliridhia mwaka 2001 mkataba wa Shirika la Kazi Duniani unaokataza kazi za hatari kwa watoto. Wazee wengi wanampeleka kijana gereji kwa nia njema kabisa: asizurure, apate mkono wa kazi. Kijana anayeupenda ufundi ana pahala pa kujifunza kwa utaratibu, kwani Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina kituo chake hapo hapo Mwanakwerekwe. Na mzazi aliyekwishampeleka gereji ana haki ya kwenda siku moja bila kuaga, akae robo saa, atazame vijana wanavyojifuta vumbi ifikapo saa kumi na moja jioni. Robo saa hiyo itamwambia zaidi kuliko fundi mkuu. Akiona mtoto anateswa au anatishwa, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Kwa mtoto mdogo anayetaka tu baskeli yake ikimbie na mpira wake udunde, pampu ya mkono inatosha. Atatoka jasho kidogo, na atauacha mpira mahali mikono yake itakapochoka.